Mipira Arubaini na Moja ya Khalfan

Siku ya pili ya msiba wa Mwalimu Suleiman nilikaa kwenye sabla ya mtaa, ule ukumbi tunaopokelea rambirambi, katika safu ya karibu na mlango, maana mimi siku zote hukaa karibu na mlango. Mkononi nilishika kikombe cha kahawa kilichokwisha zamani, nisijue nikiweke wapi. Akaingia mtu mnene, ndevu nyeupe, akawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, kisha akaja kukaa pembeni yangu kwa kishindo hata kiti kikalia. Sikumtambua. Nilimtambua aliponyoosha mguu wa kulia na kuanza kulipapasa goti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemtuliza paka. "Katibu," akasema bila ya kunitazama, "bado unalo lile daftari?" Nikamwambia, "Daftari gani?" Hapo hapo nikaona haya, kwa sababu nilijua daftari gani, na yeye alijua kuwa najua. Akacheka kidogo puani. "Haya bwana," akasema. "Mungu amrehemu Mwalimu." Tukainua mikono tukamwombea Mwalimu. Huyo alikuwa Khalfan, ambaye sikukaa naye kitako tangu mwaka ule, karibu miaka thelathini, na siku zote hizo yeye anakaa Qantab kwa wakwe zake na mimi Al Khuwair. Ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Ningeweza kwenda siku yoyote.

Daftari lipo. Liko kwenye katoni juu ya kabati, chini ya picha za harusi. Jioni ile niliporudi nililishusha, nikakaa nalo kitandani, na tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuandika habari za mwaka ule na kila nikianza naona nimejipendelea, au nimejilaumu kupita kiasi, ambako nako nadhani ni namna ya kujipendelea. Mimi nimesoma darasa saba tu, na sina ujuzi wa kupanga maneno. Nani alinizaa na tulifikaje Maskati kutoka Unguja, hayo wanayo wengine na wameyaeleza vizuri kuliko mimi. Nataka kuandika jambo moja tu: mwaka ambao timu yetu ilishindwa kuamua kama imuache Khalfan acheze winga ya kulia au imtoe, na mimi nilivyoingia humo.

Timu yetu ilikuwa ya mtaa, ya vijana ambao majumbani mwao kulisemwa Kiswahili. Barabarani tulisema Kiarabu, uwanjani Kiswahili, na tukigombana tulichanganya. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha changarawe nyuma ya maofisi. Wafanyakazi wakishaondoa magari yao mchana, sisi tulichora mistari kwa jasi, na mpira ukipigwa kwa nguvu ulikwenda kutua kwenye barabara kuu, mtu akakimbia kuufuata huku akipigiwa honi. Nilijaribu kucheza kwa wiki mbili. Wiki ya tatu Mwalimu Suleiman, aliyekuwa kocha wetu ingawa mwalimu wa kweli hakuwahi kuwa, aliniita pembeni. "Weye unajua kuandika?" Nikasema najua. "Basi acha kuumia bure. Kaa hapa mstarini, uandike. Kila anayepoteza mpira, muandike. Usimpendelee mtu, hata mie nikiingia uwanjani niandike." Alikuwa amesikia kuwa timu kubwa za ng'ambo zina watu wa kuhesabu. Nilinunua daftari la kurasa mia, lenye jalada la kijani, nikapiga mistari kwa rula. Wakaanza kuniita Katibu. Sijawahi kupewa cheo kingine maishani ambacho nilikipenda vile.

Mbinu ya Mwalimu ilikuwa moja, na ilikuwa na maneno mawili: "Mpe Khalfan!" Alikuwa akiipiga kelele tangu mpira wa kwanza hadi filimbi ya mwisho, na sauti yake ikisha kukauka, wengine walimpokea. Khalfan alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mrefu, miguu imepinda kidogo kwa nje. Akipewa mpira alisimama kwanza. Hicho ndicho kitu ambacho siwezi kukieleza vizuri. Watu wote wanakimbia, yeye anasimama, mguu juu ya mpira, anamtazama beki kama anayemuuliza saa ngapi, halafu hayupo. Unamuona keshafika kwenye kona na vumbi linakuja nyuma yake. Mara nyingine alifika. Mara nyingine beki alimvua mpira, naye akabaki amesimama, mikono kiunoni, akitikisa kichwa. Mimi nikaandika. Wala sikumpendelea. Tulikuwa marafiki, alikuwa akinipeleka nyumbani kila baada ya mazoezi, na kwa sababu hiyo hasa nilihakikisha simuachii hata mpira mmoja.

Alkhamisi, siku za mechi, tulikula mchana kwa Bi Zuwena, dada yake Mwalimu. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mazulia mawili yaliyopishana, mito ya kuegemea ukutani, na kiyoyozi cha dirishani kilichodondosha maji ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo likijaa, aliye karibu alilimwaga kwenye mrehani uliokuwa nje. Chakula kilikuwa wali, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nazi, na pilipili ya embe ambayo Bi Zuwena aliificha mpaka amuone mgeni. Na baada ya kula ndipo zilipoletwa jezi. Zote zilikuwa zikifuliwa na kupigwa pasi na Bi Zuwena mwenyewe, kwa sababu mwaka mmoja nyuma kila mtu alifua ya kwake na tukatokea uwanjani rangi kumi na moja za kijani. Aliziingiza zimekunjwa juu ya sinia, namba juu, akazipanga kwenye zulia mbele ya mito. Kila mtu alikwenda pale ilipo namba yake. Mwalimu hakusoma majina hata siku moja. Kama unacheza, jezi ipo. Kama huchezi, haipo, na kila mtu anajitia anatafuta viatu. Nilifikiri ni utaratibu mzuri, wa kiungwana, kwamba hakuna anayeambiwa neno mbele ya watu. Sasa sijui.

Mambo yalianza kugeuka katikati ya ligi ya mtaa, tulipopoteza mechi tatu mfululizo. Goti la Khalfan lilikuwa limevimba kidogo, yeye akisema ni mbu. Na wakati huo huo alikuja Badru. Lazima nimuandike Badru kwa haki: alikuwa na miaka kumi na tisa, mpole, akimwamkia kila mtu, na alikuwa na mbio ambazo hazihitaji kusimama kwanza. Mazoezini alimpita Rashid, beki wetu, mara tatu mfululizo, mpaka Rashid akakaa chini akaomba maji. Rashid ndiye aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote pale. Siku moja nikiwa namwaga kopo la kiyoyozi nje nilimsikia kupitia dirishani akimwambia Mwalimu, "Khalfan wetu sote, mwenyewe nnampenda. Lakini yule sasa akipewa mpira mie naanza kurudi nyuma kabla hajaupoteza." Watu wakacheka. Mwalimu akasema, "Aliyekufikisha fainali mwaka jana nani, mamako?" Rashid akajibu, "Mwaka jana Mwalimu nawe ulikuwa na nywele." Wakacheka tena, na Mwalimu mwenyewe akacheka, lakini nilipoingia nilimuona anautazama mkono wake, kama mtu anayehesabu vidole.

Wiki hiyo hiyo Khalfan alinipitia kazini jioni, tukaenda Qurum, mtaa wa wenye nacho, tukaegesha gari likiitazama bahari, tukala mishkaki na mkate. Watu wa Qurum walikuwa wakitembea na viatu vyao vyeupe. Khalfan alikuwa dereva wa gari la kusambaza maji, kazi ya kibarua, leo ipo kesho haipo, na mama yake alikuwa kitandani. Akaniambia kuna mtu wa timu ya idara moja ya serikali atakuja kuangalia mechi yetu ya Alkhamisi ya wiki ijayo. Idara zile zilikuwa zikimpenda mchezaji zinamuajiri. "Akiniona tu," Khalfan akasema, "siku moja tu, goti likinistahi, khalas. Nna kazi, nna sare, nna daktari wa mama." Nikamwambia wacha nimwambie Mwalimu. Akaacha kutafuna. "Ukimwambia, sisemi nawe tena. Sitaki kubakishwa kwa kuonewa huruma, Katibu. Nikibaki, nibaki kwa mguu wangu." Nikaapa. Nilikuwa mwepesi wa kuapa wakati ule.

Jumatatu Mwalimu alituita watu saba kwa Bi Zuwena, baada ya sala ya alasiri. Khalfan na Badru hawakuitwa. Bi Zuwena alituletea chai na mkate wa ufuta, akatoka akaufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Katibu," Mwalimu akasema, "tusomee." Nikafungua daftari. Mechi nane. Nilisoma jina moja moja, kwa sauti yangu hii isiyotoka. Huyu sita. Huyu minne. Rashid, mmoja. Khalfan, arubaini na moja.

Kiyoyozi kikawa kinadondosha. "Soma tena," Mwalimu akasema, na nikasoma tena, na ikawa arubaini na moja ile ile. Rashid akapiga paja. "Arubaini na moja! Sasa mie nasema kitu gani kila siku? Hiyo mipira ingekuwa embe tungefungua duka." Mlinda mlango wetu, aliyekuwa upande wa Khalfan, akasema namba si mtu. Rashid akamjibu, "Na mie si adui. Lakini yameandikwa. Katibu ni rafiki yake wa damu, tena ndiye aliyeandika. Unataka haki gani zaidi ya hiyo?" Wote wakanigeukia, na ninakiri, naandika hapa kwa sababu sitaki kulificha, kwamba niliona fahari. Kwa nukta moja niliona fahari kuwa mtu ambaye haki yake haina shaka.

Mwalimu akasema tupige kura, yeye hataki kubebeshwa peke yake. Watatu wakainua mkono Khalfan abaki. Watatu, Badru aingie. Mwalimu hakupiga. Nilibaki mimi. Nilikuwa na ile habari ya mtu wa idara, niliyoapa kutoisema. Nikisema Khalfan abaki, nitakuwa nimesema kwa sababu ya ile habari, na hilo ni kuwadanganya wenzangu. Nikisema atoke, nitakuwa nimemfukuza kwenye kazi rafiki yangu kwa kuogopa kumpendelea. Nilizunguka humo ndani ya kichwa mpaka chai ikaota ngozi. Nikasema, "Mie mwandishi tu, Mwalimu. Mwandishi hapigi kura." Mwalimu akanitazama kwa muda mrefu. Sikuelewa lile tazamo mpaka nilipokuwa mtu mzima: alikuwa akiniomba. "Basi," akasema, "nitaamua mie. Badru aingie." Halafu akaongeza, "Na weye Katibu, rafiki yake, umwambie kabla ya Alkhamisi. Asije akakuta zulia tupu."

Nilikuwa na siku mbili. Jumanne Khalfan alinipeleka nyumbani, tukazungumza habari ya betri ya gari lake. Jumatano alinipeleka tena. Alikuwa na furaha, alikuwa amepata dawa ya kuchua goti kwa bibi mmoja wa Matrah, gari zima linanuka karafuu. Tulipofika kwetu hatukushuka, tulikaa garini kama saa nzima, na kila nilipofungua mdomo yeye alinitangulia kwa jambo jingine. Nataka kusema kuwa alinizuia. Lakini si kweli, kulikuwa na nafasi nyingi, kulikuwa na wakati alinyamaza kabisa, akanigeukia, akasema, "Una jambo?" Nikasema, "Sina, usingizi tu."

Alkhamisi alikuja kwa Bi Zuwena na kanzu mpya. Alikula vizuri, akamtania Badru kuwa samaki mkubwa ni wa watu wazima. Nilikuwa naangalia sahani yangu. Jezi zikaingia. Bi Zuwena aliziweka kwa haraka siku hiyo, hakuzinyoosha kama kawaida, akatoka. Namba saba, ya Khalfan, ilikuwa mbele ya mto wa Badru. Khalfan alisimama mahali pake pa siku zote, akatazama zulia, akainama hata akaugeuza mto kuangalia chini yake. Hilo la kuugeuza mto ndilo linalonirudia. Badru alikuwa ameshaishika ile jezi, haivai wala haiachi. Khalfan akamuona. Akamwambia, "Vaa, mwanangu. Inabana kwapani, utaizoea." Kisha akaja mlangoni, nilipokuwa mimi.

"Ulikuwa unajua jana," akasema. Rashid, ambaye kwa kweli nadhani alitaka kunisaidia, akasema kutoka ndani, "Khalfan, si Katibu, ni daftari. Umepoteza arubaini na moja." Khalfan hakumgeukia. Aliniuliza mimi, taratibu, kama anavyouliza mtu njia: "Na nilipewa mara ngapi? Hilo umeliandika?" Nikamjibu jibu ambalo nimelisikia kichwani mwangu kwa miaka yote hii, kwa sauti ile ile ya kipumbavu. Nikasema, "Sikuambiwa niandike hilo."

Akavaa viatu akaondoka. Jioni ile Badru alifunga goli, la mbali, zuri, siwezi kusema vingine. Tulishinda. Mtu wa idara alikuwa amesimama karibu na magari, na baada ya mechi alimuuliza Mwalimu jina la namba saba. Badru aliajiriwa kabla ya mwaka kwisha, na amestaafu juzi juzi kwa heshima zake. Khalfan aliendesha gari la maji miaka mingi. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na nilikwenda mazikoni nikakaa karibu na mlango. Nimejiuliza sana kama yule mtu angemchukua Khalfan na lile goti. Huenda asingemchukua. Huenda tungefungwa, na Khalfan angeaibika mbele ya macho yale aliyoyangojea. Kila nikifika hapo naona nimepata faraja, halafu naona ni faraja ya mtu anayetafuta kutoka, nairudisha.

Ijumaa iliyopita nilichukua daftari nikaenda Qantab. Mke wake alinikaribisha kama aliyekuwa akinijua, akatuwekea chai na mkate wa kumimina, na Khalfan akavaa miwani ya mkewe, yenye maua pembeni, kwa sababu ya kwake haioni maandishi madogo. Nikamwambia nimekuja kupiga kura yangu. "Kura gani?" Nikamueleza yote, ya watatu kwa watatu, ya mimi kusema mwandishi hapigi. Hakuwa akijua. Alisikiliza huku analipapasa goti. "Ningesema ubaki," nikamwambia. Akanitazama juu ya miwani. "Acha uongo, Katibu. Goli la Badru uliruka juu, kofia ikakudondoka. Nilikuwepo, nimeegesha nyuma ya lori." Ni kweli niliruka. Halimo daftarini.

Akaanza kufungua kurasa, moja moja, akilamba kidole. Alikuwa akisoma kila kitu, tarehe, hali ya upepo, hata pale nilipochora kikombe. Alipofika mechi ya tano akacheka. "Huyu Rashid, mechi nzima, sifuri? Rashid huyu aliyekuwa akipiga mpira unatua barabara kuu?" Akafungua mbele. "Sifuri tena. Na huyu kipa, sifuri. Na huyu, sifuri, na alikuwa haoni jioni!" Akarudi nyuma, akafungua mbele, kicheko kikawa kinapungua. Akavua miwani.

"Katibu, hawa wote walikuwa wakipoteza. Mbona hukuwaandika?"

"Sikuwaona."

"Uko mstarini, unaona uwanja mzima, husemi wala huchezi. Ulikuwa ukitazama wapi?"

Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi. Nilikitazama, nikakirudisha sahanini, na hapo ndipo nilipolijua jambo hili, wakati mmoja na yeye, naapa si kabla.

"Nilikuwa nikikutazama wewe."

Mkewe akaja akatuongeza chai, akatuangalia mmoja mmoja, akaondoka. Khalfan alilifunga daftari, akaliweka juu ya paja, karibu na lile goti, na kiganja chake akakiweka juu ya jalada. Nilipoaga hakunirudishia, na mimi sikuliomba.